Takrima tuliifuta, ikarudi ikiitwa nauli

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani hapa Ngamiani, Tanga, kahawa inazunguka na kashata zake, maongezi yakaanzia kwenye mpira, Coastal Union yetu kama kawaida afu yakahamia kwenye rushwa, sijui hata yalifikaje huko. Kuna mzee mmoja pale, mtu wa heshima zake, akasema nyie vijana mnajichosha bure, sheria hutoka juu, hakuna siku serikali imebadili sheria ya rushwa kisa raia wamepiga kelele. Nikamwambia kwa adabu, "Mzee wangu, na takrima je?" Baraza zima likacheka, maana wa rika letu wote tunaikumbuka takrima, wengine tumeivaa kabisa mgongoni.

Kwa mliozaliwa juzijuzi: mwaka 2000 Bunge liliibadili Sheria ya Uchaguzi likachomeka maneno kwamba mgombea akiwakirimu watu kwa nia njema, ukarimu wa kawaida au wa kimila, basi hiyo isihesabiwe kuwa ni kuwahonga wapiga kura. Ndo hivyo, kwa sentensi kama mbili tu pilau, fulana, kanga, sukari na nauli vyote vikawa halali, na sisi watu wa pwani ndo walitupatia penyewe, kwa sababu huku mgeni akibisha hodi hata kama ndani hamna kitu utamtuma mtoto kwa jirani akaazime sukari, na wewe ukikirimiwa unabaki na deni moyoni hata kama hakuna aliyekuja kukudai. Walichukua neno letu zuri wakalivisha mlungula.

Uchaguzi wa 2005 bibi yangu, Allah amrehemu, aliletewa doti ya kanga na kilo mbili za sukari na watu wa mgombea mmoja (simtaji, keshapumzika siasa na mie nataka nilale kwa amani). Sisi wajukuu tukamwambia, bibi we chukua tu, kura ni siri, huko ndani mpigie unayemtaka. Akatuangalia kama tumemtukania mama yake. "Nimekunywa chai ya sukari yake, leo nikamgeuke? Mie sikulelewa hivyo." Nimeshawasikia wasomi wengi wakisema Mtanzania anauza kura kwa sababu ya njaa au ujinga, mi nawaambia bibi yangu hakuwa na njaa wala ujinga, alikuwa na adabu, na yule aliyeandika kile kifungu alimjua bibi yangu vizuri sana.

Sasa kilichotokea ni kwamba mashirika matatu ya kiraia, LHRC, LEAT na NOLA, yaliipeleka serikali mahakamani. Hakukuwa na maandamano ya nchi nzima, hakuna aliyefunga barabara, walienda na katiba mkononi wakasema kifungu hiki kinabagua, mwenye hela ana ruhusa ya kukirimu na asiye nayo atakirimu na nini? Na mpiga kura atachaguaje kwa uhuru kama keshafungwa mdomo na pilau? Aprili 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakakubaliana nao, vifungu vya takrima vikatupwa, ni kinyume cha katiba. Miaka minne mbele, 2010, ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ikaweka ukomo wa matumizi na ikagusa mpaka kura za maoni ndani ya vyama, zile za kuteua wagombea, pale ambapo ndo kuna soko lenyewe.

Mzee akanyamaza kidogo afu akasema, "Haya, na sasa hivi hawagawi?"

Hapo alinikamata, nakiri. Wanagawa, ila jina limebadilika, sasa hivi inaitwa nauli ya wajumbe, hao wanaopiga kura za maoni chamani. Yaani mjumbe katoka barabara ya tisa kwenda barabara ya kumi na moja, Tanga hii yetu ya baiskeli, anapewa nauli ambayo ingemfikisha Arusha akalala na akarudi! Ndo maana sikubaliani na wale wanaosema sheria ikishapita basi kazi imeisha, lakini pia sikubaliani na mzee wangu, kwa sababu kabla ya 2006 ulikuwa huna hata pa kushtaki, mtu anagawa mchana kweupe na sheria imemkingia kifua, leo angalau anagawa usiku.

Tatizo jingine ni adhabu. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ilipopitishwa 2007 ilisema, kifungu cha 15, kwamba rushwa hizi za kila siku faini yake isipungue 500,000 na isizidi 1,000,000, au jela miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Ndo maana kwenye habari za TAKUKURU, taasisi yetu ya kupambana na rushwa, husikia kila mara "faini laki tano au jela miaka mitatu", na mtu anatoa laki tano mfukoni anarudi nyumbani kula. Afu kifungu hichohicho kinamtia hatiani aliyetoa na aliyepokea, sawa kwa haki, lakini fikiria mama aliyebanwa wodini au kwenye hati ya kiwanja, keshatoa elfu hamsini huku analia, unamwambia apige 113, namba ya TAKUKURU, akajishtaki mwenyewe? Najua kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya 2015, ila inamlinda anayepeleka habari, hofu ya yule mama ni kwamba yeye mwenyewe kashiriki. Na mashtaka mengi nje ya kifungu hicho cha 15 lazima DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, aridhie kwanza. Mi ningekuwa nadai kitu leo ningeanzia hapo kwa yule mama, kabla hata ya kuongeza miaka ya jela.

Halafu kuna zile fomu za mali za viongozi, zinajazwa kila mwaka kabla ya Desemba kuisha zinapelekwa Sekretarieti ya Maadili, na mimi na wewe tunaishia kuzisikia tu. Rais Mkapa alipoingia madarakani 1995 alitangaza mali zake hadharani kwa hiari yake, na mbingu hazikuanguka.

Kwenye hili la makaratasi Wahindi wametuacha mbali. Watu wengi wanamkumbuka Anna Hazare, yule babu aliyegoma kula Delhi 2011 akitaka chombo cha kuwabana wakubwa, Lokpal, watu wakajaa viwanjani, na sheria ikapita kweli 2013. Ila mwenyekiti wa kwanza aliteuliwa 2019! Mi wanaonivutia zaidi ni wanavijiji wa Rajasthan, chama chao kinaitwa MKSS, vibarua wa kazi za ukame waliokuwa wanapunjwa ujira. Wao walidai daftari la mahudhurio. Kuanzia 1994 wakawa wanaitisha mikutano ya hadhara, daftari linasomwa jina kwa jina mbele ya kijiji kizima, fulani siku kumi kalipwa, watu wanajibu huyo alishakufa, na huyu alihama zamani. 1996 wakakaa barabarani mji wa Beawar siku 40, na kilio chao kilikuwa hela yetu, hesabu yetu. 2005 India nzima ikapata sheria ya haki ya kupata taarifa.

Sisi yetu tunayo tangu 2016, ukiomba taarifa wana siku 30 za kukujibu, sasa hebu niambie mtaani kwako nani kashaenda kuomba. Hata mimi sijaenda. Vijijini mkutano mkuu unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, kuna sehemu niliwahi kukaa (siitaji) tulisomewa mara moja tu kwa mwaka, haraka kama mtu anayekimbiza basi, na kiasi kikubwa kuliko vyote kiliandikwa "matumizi mengineyo". Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Tukaongea mpaka saa nne, mzee hakukubali na mimi sikukubali, tukaagana vizuri tu. Nikatoa hela nimlipe muuza kahawa vikombe vyangu vitatu, akanirudishia mkono, "Weka tu kaka, leo imeshalipwa, bwana mkubwa kapita hapa Magharibi kasema wanywe wote." Bwana mkubwa mwenyewe ni yule anayetajwatajwa kuchukua fomu ya kugombea. Nikamwambia pokea, mi nalipa changu.

"Sasa we unataka nile mara mbili?"