Je, kampuni inayoendeshwa kama kiumbe hai hulipa zaidi? Kisa cha Handelsbanken

Wapo wachambuzi wa fedha wanaoshikilia kwamba kampuni inayoishi kama kiumbe hai, yenye madeni machache, maamuzi yaliyosambaa hadi chini na wafanyakazi wanaothaminiwa, humlipa mwenye hisa vizuri zaidi kadiri miaka inavyosonga. Mapema miaka ya 1980, Shell ilichunguza kampuni zilizoizidi umri, ikakuta nyingi zina tahadhari ya fedha na mshikamano wa aina hiyo.

Mfano ninaouona mzito zaidi ni Handelsbanken ya Sweden, benki iliyoanzishwa mwaka 1871. Jan Wallander alipokabidhiwa uongozi mwaka 1970, alifuta bajeti za kila mwaka na kuyapa matawi mamlaka ya kukopesha. Kwa msemo wa benki hiyo, meneja huhudumia eneo linaloonekana kutoka juu ya mnara wa kanisa. Mwenye karakana akija kuomba mkopo, meneja anamfahamu, na mkopo usipolipwa ni yeye atakayeulizwa. Mwaka 1973 ukaja mfuko wa wafanyakazi wa Oktogonen: kwa miaka mingi, benki ilipowazidi washindani wake kwa faida juu ya mtaji, fungu liliwekwa humo kwa mgawo sawa, awe karani au mkurugenzi, na mtu alilipwa akifikisha miaka 60. Aliyesubiri kiasi hicho hakuwa na haja ya kusukuma mikopo mibovu ili hesabu za mwaka huo zipendeze.

Mabenki ya Sweden yalipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nordbanken na Gota ziliishia mikononi mwa serikali. Handelsbanken ilivuka bila kuomba msaada wa serikali. Faida yake ya muda mrefu imetokana sana na kupoteza kidogo wenzake walipopoteza vingi.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Ukichunguza waliodumu tu, huwaoni waliogawa mamlaka na kuwajali watu wao, kisha wakafilisika. Tena kampuni ikifanikiwa huitwa hai. Ikianguka, husemwa ilikuwa imeshapoteza uhai. Dai la namna hiyo halipimiki. Na Handelsbanken yenyewe, wateja walipohamia kwenye simu, matawi yakageuka mzigo: Septemba 2020 ilitangaza kuyapunguza nchini Sweden kutoka takriban 380 hadi karibu 200, na mwaka uliofuata ikatangaza kujiondoa Denmark na Finland.

Naegemea upande wa Wallander, lakini kwa sababu ya utaratibu wake, si kwa sababu ya lugha ya viumbe hai. Ushahidi wa haki ungekuwa kuorodhesha kampuni leo, za aina zote mbili, na kuzifuata miaka 20 bila kuziondoa zitakazokufa njiani. Kwa sasa, anayetaka kununua hisa za benki inayojisifu kwa mtindo huu aulize nani anaidhinisha mkopo, na bonasi ya mtu huyo hulipwa lini.