Kisa cha Maria Goretti kisimuliwe chote

Kila tarehe 6 Julai inapokaribia, wasichana wa katekisimu husimuliwa habari za Mtakatifu Maria Goretti. Nami nilisimuliwa, parokia moja huku Changamwe, Mombasa, tulipokuwa tukijiandaa kwa kipaimara: binti wa Kiitalia wa miaka 11, kijana wa jirani akamtaka kwa nguvu, akakataa, akachomwa kisu, na kabla ya kukata roho mwaka 1902 akamsamehe. Alichagua kufa kuliko kutenda dhambi, tukaambiwa, nanyi mabinti igeni mfano wake.

Kwangu hapakuwa na kisu. Palikuwa na mjomba aliyekuja kutafuta kibarua bandarini, akawa analala sebuleni kwetu, nami nikabaki hai. Sasa mtoto kama huyo ukimwambia kisa hicho, anaondoka na nini? Mimi niliondoka nikiamini kwamba dhambi yangu ilikuwa kupumua.

Aliyenitenda ni mtu wa damu yangu, si padre wala katekista. Lakini maneno yaliyotumika kuninyamazisha yalitoka kanisani. Waheshimu baba na mama. Samehe saba mara sabini. Mama alipojua, kikao kikaitwa: wazee wa ukoo wakakaa, na mwenyekiti wa jumuiya akaja kufungua kwa sala. Mjomba, ambaye kila jioni alikuwa akituongozea rozari, akaomba radhi, akachangiwa nauli ya kurudi bara. Nauli! Mimi nikaambiwa nimkumbuke katika sala zangu.

Somo wa mama ni Mtakatifu Monika, na anajivunia sana kwamba Monika ndiye aliyemzaa Mtakatifu Agostino, yule mwalimu wa Kanisa. Basi Agostino huyohuyo, baada ya Roma kutekwa mwaka 410, aliwatetea wanawake waliobakwa waliokuwa wakisutwa kwa kuendelea kuishi. Hoja yake ni kwamba usafi wa mtu umo katika nia yake, na tamaa ya mwingine haiwezi kumwondolea. Zaidi ya miaka 1,600 jambo hilo limeandikwa, na nililikuta mwenyewe nikiwa mtu mzima.

Hata Goretti tulipewa nusu. Alessandro Serenelli, yule kijana wa jirani, alikuwa amemjaribu kabla ya siku ile na kumtishia kumuua akisema. Maria aliyasema hayo hospitalini, mtu akajulikana. Alessandro akafungwa miaka 27. Msamaha ulikuwepo na jela ikawepo, na sijasikia mtakatifu yeyote akilalamika kwamba jela iliuharibu msamaha.

Hapa kwetu Kenya Sheria ya Makosa ya Ngono ipo tangu 2006, na mjomba ametajwa humo miongoni mwa maharimu. Kesi ya namna hii haimalizwi na wazee wa ukoo kwa soda na sala. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, namba 2389, inasema wazi kwamba mtoto aliyetendwa na mtu mzima aliyekabidhiwa kumlea hubaki na kovu maisha yake yote. Sasa sijui wale wazee waliona wanamlinda nani.

Mama nami hatujaelewana kuhusu kikao kile. Yeye husema aliiokoa familia, nami humuuliza, kwani mimi nilikuwa wa familia gani? Kisha tunanyamaza, tunakaanga viazi, Jumapili tunakwenda misa pamoja. Ndiyo, bado nasali. Watu hunishangaa, hasa wenzangu walioacha, na sina jibu la kuwaridhisha. Litania ya Bikira Maria ni yangu pia, siwezi kumwachia mjomba.

Ninachotaka ni kidogo. Matangazo ya baada ya misa hutaja harusi, mchango wa paa na basi la hija. Itajwe na 116, namba ya bure ya kuripoti mtoto anapoteswa, na itajwe watoto wa katekisimu wakiwa bado wamekaa, si wameshatoka kununua barafu nje. Paroko akisema imetajwa mwaka jana, aitaje tena.