Marehemu alikuwa halipi zaka, je azikwe bila padre?

Huku kwetu Tanzania kwenye parokia nyingi za Katoliki hili suala linarudi kila mara. Mtu kafariki, familia inaenda ofisini kuomba misa ya mazishi, inaulizwa kadi yake ya zaka, ikifunguliwa vyumba vya miezi vyeupe, basi jibu ni kwamba padre haji, labda katekista atakuja asome sala.

Nianze na viongozi maana huwa wanasemwa tu bila kusikilizwa. Parokia inaendeshwa na hela za waumini, luku, mafuta ya pikipiki ya kwenda vigangoni, posho ya katekista, na kanuni ya 222 ya Sheria za Kanisa za 1983 inasema wazi kwamba waumini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa. Afu kuna watu kweli jumuiya, yaani kile kikundi cha waumini majirani, hawaijui kabisa, wenzao wanasali nyumba kwa nyumba wao hawaonekani, siku ya msiba ndo familia inataka mapadre watatu na kwaya. Wanajumuiya waliojinyima miaka yote wanakasirika na hasira yao naielewa.

Ila kanuni ya 1184 imewataja wa kunyimwa mazishi ya Kanisa, ni waasi wa imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa wanaojulikana, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu za kupinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kutawakwaza waumini, na hata hao ni kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Asiyelipa zaka hajatajwa. Na penye shaka suala linapelekwa jimboni, halimaliziwi na mwenyekiti wa jumuiya. Kanuni ya 1181 nayo inataka maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili.

Kinachoniuma zaidi ni haya malimbikizo, yaani familia kudaiwa zaka za nyuma za marehemu ndo padre aje. Ndugu wanachangishana chini ya turubai, mmoja anatuma kwa simu, risiti inakatwa, saa nane padre huyo amefika. Sasa kama shida ilikuwa imani ya marehemu, hela ya shemeji yake imeibadilishaje wakati mwenyewe yuko mochwari? Tunasomewa sana Malaki 3:10, ile ya leteni zaka kamili ghalani, ila Kumbukumbu la Torati 14:28-29 ni mara chache, pale zaka ya mwaka wa tatu inawekwa mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe, yaani kwa huyu mjane aliyekaa kwenye mkeka zaka ilitakiwa iingie, sisi tunamdai atoe.

Kadi zibaki, mimi sizipingi. Lakini ikikaa miezi mitatu nyeupe viongozi waende nyumbani wakaulize, mwingine kazi imeisha, mwingine anauguza, mwingine ni ubishi tu na huyo aambiwe ukweli akiwa hai anaweza kujibu.