Usiku wa Arusha Unaanzia Sokoni

Tuliohamia Arusha kikazi kutoka nchi jirani tuko wengi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, utalii upo hapa, mashirika yamejaa, na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa hapa hadi ilipofungwa mwaka 2015. Mji umewazoea watu wanaokaa miaka miwili mitatu kisha wakafunga mizigo. Kinachoniuma ni kuona wengi wetu tunaondoka bila kuujua. Tunapanga nyumba Njiro au Sakina, mboga tunachukua supamaketi, Ijumaa tunakutana sisi kwa sisi kwenye mkahawa wenye geti na mlinzi, halafu tukirudi kwetu tunasimulia kwamba Arusha usiku imepoa.

Mimi nimezaliwa Mombasa, mji ambao jua likizama ndipo watu hutoka kutafuta mishikaki na viazi karai, na nasema kwa dhati kabisa: Arusha ina usiku wake, tena mzuri. Ila hauonekani kwa mtu aliyekwepa mchana wake. Usiku wa hapa unaanzia sokoni.

Nenda Tengeru siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi. Ni kama kilomita 13 kutoka mjini kwa barabara ya Moshi, na daladala hazikosekani. Kina mama wa Kimeru wanashusha mzigo kutoka mashambani: ndizi, parachichi, karoti, maharage, mboga za majani ambazo bado zina umande. Bei inatajwa kwa fungu, kwa chana, kwa sado, yaani ile ndoo ndogo ya rangi. Muuzaji anayejiheshimu huijaza sado mpaka nyanya zinapanda juu ya mdomo wake, na ukishalipa anakuongezea moja au mbili za kukushukuru. Lakini usifike ukaanza na bei. Wenzangu wa Kenya, haraka za Nairobi ziacheni mpakani Namanga. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Za nyumbani, za kazi, na baridi hii mnaionaje, ndipo zinakuja ndizi.

Na kwenye ndizi ndiko nilikojifunza mengi. Mama ninayenunua kwake huuliza kwanza, "Leo unapika nini?" Nikimwambia mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, anaipita mikungu mikubwa yote iliyosimamishwa mbele, anakwenda nyuma kwenye mshare na kunikatia chana kwa panga. Nikisema za kuchoma, ananipa mzuzu na kuzibonyeza moja moja kwa kidole gumba, zile ngumu anazirudisha. Yeye ndiye aliyenifundisha kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, maana utomvu ukikauka vidoleni sabuni haiutoi. Mambo hayo hayaandikwi kwenye rafu ya duka lolote. Unayapata kwa kusimama, kusalimia na kurudi tena wiki inayofuata kwa mtu yuleyule.

Sasa ufuate mzigo. Mazao ya vijijini yanaingia mjini, kwenye masoko ya Kilombero na Soko Kuu, na ikifika saa 11 jioni utawaona wenye vibanda wakija kufunga mahitaji: gunia la viazi limekaa begani mwa chalii mmoja, mwingine kabeba trei za mayai, dada anachagua vitunguu na nyanya za kachumbari. Saa 1 usiku vitu hivyohivyo vimeshafika kwenye karai na juu ya mkaa, pembeni mwa barabara. Ukiwa ulipita sokoni mchana, unajua unakula nini na kimetoka kwa nani.

Wageni wengi huishia kwa Khan, karibu na Soko Kuu, mahali ambapo mchana ni duka la vipuri vya magari na usiku ni kuku na mishikaki. Ni pazuri, nami nimepeleka watu. Ila penyewe hasa kwangu ni baa ya mtaani yenye bucha yake, za Ngarenaro, Kijenge, Sanawari. Unachagua mbuzi akiwa kwenye ndoano, unaonyesha sehemu unayotaka, inapimwa, unakubaliana na mchomaji, kisha unasubiri. Utasubiri hata saa nzima, na hiyo saa ndiyo niliyoipendea Arusha. Kama Simba na Yanga wanacheza, meza zote zinakuwa moja. Anayekunywa anakunywa, mwenye soda yake hakuna anayemsumbua. Nyama inafika kwenye ubao, mchomaji anaikata mbele yako, chumvi na pilipili pembeni, ndizi za kuchoma na kachumbari. Mwezi wa sita na wa saba vaa sweta na uombe meza iliyo karibu na jiko. Baridi ya Meru haina mchezo.

Wanawake wenzangu huniuliza kuhusu usalama, na ni swali la haki. Siendi peke yangu nisikopajua, simu haikai mezani, na ninaye dereva wa bajaji wa mtaani kwangu ambaye namwambia mapema saa ya kunifuata. Zaidi ya hapo, kujulikana kunasaidia sana. Muuza mahindi wa kona yetu ananiita kwa jina, na nikichelewa huuliza.

Kuna jambo moja ningependa wakubwa wa jiji walisikie. Mwaka 2021 machinga walipangiwa maeneo maalumu nchi nzima, na sipingi barabara kupitika. Ila mpishi wa usiku hawezi kupelekwa mbali na wapita njia, kwa sababu mteja wake ni mtu anayerudi nyumbani kwa miguu akiwa na njaa. AFCON ya 2027 walipewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na Arusha imo, na uwanja wake mpya wa Olmoti. Watu watatoka mpirani usiku wakitafuta chakula, na hoteli za kitalii hazitawatosha wala wengi hawataziweza. Wenye majiko waitwe kwenye vikao sasa, waulizwe wanahitaji nini. Ninaokaa nao nikisubiri nyama huwa wananitajia vitu vilevile: taa, bomba la maji lililo karibu, na choo ambacho mwanamke anaweza kukitumia saa 4 usiku bila woga.