Polipu imetoka, tezi je?

Ukijikwaa kidole cha mguu na kidonda kikatunga usaha, baada ya siku mbili tatu unahisi gololi kinenani. Huo ni mtoki, yaani tezi ya limfu, kituo cha kinga ya mwili, iliyovimba, na bibi zetu walijua kwamba chanzo chake kitafutwe chini, mguuni. Utumbo mpana nao una tezi za aina hiyo, ila huwezi kuzipapasa kwa nje, kwa kuwa zimejificha ndani ya mafuta yanayobeba mishipa ya damu ya utumbo. Saratani ya utumbo ikianza kusafiri, mara nyingi hutua kwanza kwenye tezi hizo. Ndiyo maana madaktari wanahangaika kutabiri kama imeshafika huko kabla hawajashika kisu.

Mimi naona maswali mawili yanachanganywa katika mjadala huu: mtu apasuliwe au asipasuliwe, na akipasuliwa, akatwe kiasi gani. Majibu yake hayafanani.

Chukua mtu aliyefanyiwa kolonoskopi, kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera. Daktari kaona polipu, kinyama kilichoota ukutani mwa utumbo, kaizungushia waya, kaiondoa nzima. Majibu ya maabara yanarudi: ndani yake mlikuwa na saratani changa, imepenya chini ya utando lakini haijagusa msuli. Utumboni hakuna kilichobaki. Tezi je? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, ukijumlisha tafiti 67 na wagonjwa zaidi ya 21,000 wa hatua hii, ulikuta saratani kwenye tezi za asilimia 11 hivi. Kwa hiyo ukiwapasua wote, karibu tisa katika kila kumi watakatwa utumbo, halafu tezi zao zikutwe safi. Na kukatwa utumbo si jambo dogo. Mshono ukivuja, kinyesi kinamwagika tumboni, na mzee mwenye moyo dhaifu anaweza asirudi nyumbani.

Wanaotetea kisu wana hoja nzito pia. Saratani iliyoachwa kwenye tezi haipigi hodi. Ikija kuonekana, huenda imeshafika kwenye ini, na mtu ambaye angepona kwa upasuaji mmoja anaingia kwenye matibabu ya miaka.

Wajapani, waliolifanyia kazi suala hili kwa muda mrefu, wana alama zao za hatari: saratani kuzama milimita 1 au zaidi chini ya utando, kuingia kwenye mishipa ya limfu au ya damu, seli kupoteza mno sura yake ya asili, na vikundi vidogo vya seli kuchipuka ukingoni mwa uvimbe. Ikipatikana hata alama moja, upasuaji hufikiriwa. Sasa kipimo cha kina kinatiliwa shaka. Uchambuzi ule wa 2022 ulionyesha kwamba kina peke yake, bila alama nyingine, kinaendana na hatari ya asilimia 2.6 tu. Fikiria ni watu wangapi wamepasuliwa kwa sababu ya milimita hiyo!

Akili mnemba imeingia hapo. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walichapisha mfumo uliotumia taarifa za wagonjwa 3,134 wa hatua hii kutoka hospitali sita: umri, jinsia, ukubwa wa uvimbe, mahali ulipo na yale ya hadubini. Ukiuletea wagonjwa wawili, mmoja mwenye tezi zilizoathirika na mwingine asiye nazo, ulimtambua mwenye hatari mara 83 katika 100. Mwongozo wa Marekani uliolinganishwa nao ulipata 73. Ni hatua kubwa, ila mara 17 mfumo nao unakosea. Tena unategemea jicho la mtu: mwanapatholojia, mtaalamu anayesoma vipande kwa hadubini, mmoja anaona saratani ndani ya mshipa, mwenzake anaona ufa uliotokea wakati wa kukata kipande. Hata hivyo naunga mkono utumike hapa, kwa sharti kwamba mgonjwa aambiwe namba yake. Asilimia 3 kwa bibi wa miaka 82 mwenye ugonjwa wa moyo si sawa na asilimia 15 kwa baba wa miaka 45.

Swali la pili, la kukata kiasi gani, linanipa tahadhari zaidi. Profesa Werner Hohenberger wa Erlangen, Ujerumani, aliandika mwaka 2009 kwamba kuondoa mafuta na tezi zote hadi kwenye shina la mishipa kuliendana na kushuka kwa saratani kurudi pale pale kutoka asilimia 6.5 hadi 3.6. Lakini alilinganisha wagonjwa wa vipindi tofauti, na katika miaka hiyo mengi yalibadilika. Wachina walipogawa wagonjwa kwa bahati nasibu katika utafiti wa RELARC, tezi za shinani zilikutwa na saratani kwa asilimia 3 tu, na mishipa ya damu ilijeruhiwa kwa asilimia 3 dhidi ya 1 ya upasuaji wa kawaida. Baada ya miaka mitatu, tofauti ya waliobaki bila ugonjwa haikutosha kuthibitisha faida.

Basi si tungewatabiri hao asilimia 3? Picha za CT hazitoshi. Tezi ndogo kama dengu inaweza kubeba saratani, na iliyovimba ikawa inapigana tu, kama mtoki. Baadhi ya saratani za utumbo zenye kasoro ya kurekebisha DNA huamsha kinga kiasi cha kuvimbisha tezi zisizo na ugonjwa. Tena kipande cha utumbo kinachokosa mshipa wake lazima kitoke, na tezi za jirani hutoka nacho. Kumwambia daktari kwamba tezi hizo ni safi hakumpunguzii mgonjwa kitu.

Kwetu Afrika Mashariki wengi hufika utumbo umeshaziba, na swali la polipu halipo tena. Ila kipande kilichotolewa kipo, kwenye ndoo ya formalini, dawa ya kukihifadhi, na mtu wa maabara anapapasa mafuta ya manjano kwa vidole akitafuta tezi. Kiwango kinachokubalika ni tezi 12 au zaidi. Ripoti ikisema "tezi hazina saratani" bila kutaja zilihesabiwa ngapi, mrudishie daktari na umuulize. Tezi 3 safi na tezi 20 safi ni majibu mawili tofauti, na uamuzi wa kuanza kemo, dawa za kuua saratani, unaweza kusimama juu ya tofauti hiyo.