Je, wacheuaji ndio waliowaangusha jamaa wa farasi?

Wanyama wenye kwato za vidole witiri, yaani farasi, punda, punda milia, vifaru na tapiri, leo hawafiki hata spishi 20. (Tapiri ana vidole vinne mbele, lakini uzito hulalia kidole cha kati, ndiyo maana yumo.) Wenye vidole shufwa, kina ng'ombe, swala na nguruwe, wanapita 200. Enzi ya Eosini (miaka milioni 56 hadi 34 hivi iliyopita) hali haikuwa hivyo: witiri ndio waliotamba.

Maelezo yanayopendwa ni ya tumbo. Mcheuaji, yaani mwenye vidole shufwa kama ng'ombe au swala anayerudisha chakula kinywani akitafune tena, huchachusha majani kabla hayajafika kwenye utumbo mwembamba, hivyo hufaidi pia protini ya vijidudu vilivyoyachachusha. Farasi huchachusha mwishoni, kwenye utumbo mpana, na mengi hupotea. Vunja kinyesi cha punda milia uone nyuzi za majani zilivyobaki. Vya swala ndani yake majani yamesagika kabisa.

Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa wanyama wa umbo la kati. Lakini tumbo la mcheuaji lina kero yake: majani magumu hayasongi mbele mpaka yasagike. Punda milia huongeza tu kiasi anachokula na kukipitisha upesi. Ndiyo sababu kule Serengeti punda milia mara nyingi hutangulia kwenye nyasi ndefu zenye mashina, nyumbu wakafuata, kisha swala tomi.

Tarehe nazo zinasumbua. Brontotheri, majitu ya witiri yaliyofanana na vifaru, yalitoweka miaka milioni 34 hivi iliyopita, dunia ikipoa na misitu ikipungua, wakati wacheuaji wengi walikuwa bado wadogo. Baada yao Asia ikampata Paraceratherium, kifaru asiye na pembe aliyekadiriwa kupita tani 15. Farasi nao waliongezeka aina Marekani Kaskazini katika Miosini, enzi iliyofuata baadaye (miaka milioni 23 hadi 5 hivi iliyopita). Hata Ancylotherium, jamaa yao mwenye makucha badala ya kwato, aliishi Afrika Mashariki kati ya swala mpaka zama za binadamu wa kale wa Olduvai, Tanzania.

Kwa hiyo tumbo nalikubali kama sababu mojawapo, si hukumu nzima. Mabadiliko ya hali ya hewa nayapa nafasi kubwa zaidi. Na wanaotumia idadi ya leo kama ushahidi wanasahau bunduki. Kwaga (punda milia wa Afrika Kusini) wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883 baada ya wenzake kuwindwa wakaisha, na tangu dume aitwaye Sudan afe katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, mwaka 2018, vifaru weupe wa kaskazini wanaojulikana ni majike wawili. Hapo kucheua hakuhusiki kabisa.