Kadi ya chakula isiyo na chipu, na lawama kwa mwenye kadi

Familia nyingi za Wakongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi ziliijua kadi ya EBT kabla hazijafungua akaunti ya benki. Ndiyo inayowekewa kila mwezi fedha za SNAP, mpango wa serikali wa kuzisaidia familia zenye kipato kidogo kununua chakula. Katika majimbo mengi, ndiyo pia kadi ambayo bado inategemea ukanda mweusi wa sumaku peke yake, bila chipu. Fedha zikiibwa, mwenye kadi huanza kwa kuulizwa: ulimpa nani namba yako ya siri?

Wanaouliza hivyo wana hoja. Wapo watu wanaochagua 1234, na wapo wanaomtuma jirani dukani na kadi pamoja na namba. Ushauri wa kutikisa mashine kabla ya kupitisha kadi na kufunika vitufe kwa mkono huzuia baadhi ya wizi. Majimbo nayo husema kadi ya chipu ni ghali zaidi, mifumo ya zamani itabidi ibadilishwe, na kwamba kumrudishia kila anayelalamika kutawavuta waongo. Yote hayo yanaeleweka.

Lakini tazama wizi wenyewe unavyofanyika. Mwizi huingia dukani na kifuniko cha plastiki kinachofanana na uso mzima wa mashine ya kadi, vitufe vikiwemo. Mwenzake akimsemesha keshia, yeye hukipachika juu ya mashine ya kweli kwa sekunde chache. Mteja akija, ukanda unasomwa mara mbili, na namba ya siri inapita kwenye vitufe vya bandia kabla ya kufikia vya kweli. Afunike kwa mkono, afunike kwa kanga, haimsaidii, kwa sababu hapo kamera haihitajiki. Data ya ukanda ni ileile leo na kesho, hivyo hunakiliwa kwenye kadi nyingine yoyote. Chipu hutoa msimbo mpya kwa kila malipo. Aliyenasa wa jana hana cha kufanya nao leo. Kisha mwizi hungoja siku fedha zinapoingia na kuzichota usiku, mwenyewe akiwa amelala.

Linalonikera zaidi ni lililotokea tarehe 20 Desemba 2024. Bunge la Marekani lilikuwa limeruhusu fedha za SNAP zilizoibwa kuanzia Oktoba 2022 zirudishwe na serikali kuu, zisizozidi posho ya miezi miwili, mara mbili kwa mwaka. Siku hiyo ruhusa ikaisha. Mwenye kadi ya benki akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi, kwa sheria hasara yake haizidi dola 50. Kadi za EBT ziliondolewa kwenye ulinzi huo mwaka 1996. Mama aliyechotewa posho yote tarehe mbili ana wiki nne mbele yake na watoto wa kulisha, na jimbo lake lisipotenga fedha zake lenyewe, hakuna wa kumlipa. Huyo ndiye tunayemwambia angetikisa mashine.

Kwa kadi za benki dawa ilishapatikana. Oktoba 2015 kampuni za kadi ziliamua kwamba duka lisilo na mashine ya chipu ndilo libebe hasara ya kadi ya kughushi. Kwa mujibu wa Visa, kufikia Machi 2019 hasara hiyo ilikuwa imeshuka kwa asilimia 87 katika maduka yaliyokwisha kuhamia chipu. Mzigo uliwekwa kwa mwenye uwezo wa kubadilisha mashine, naye akaibadilisha. Kwenye EBT mzigo uko kwa mtu asiyeweza kubadilisha chochote.

California ilianza kutoa kadi za EBT zenye chipu mwaka 2025, kwa hiyo sababu ya gharama haina nguvu iliyokuwa nayo. Majimbo mengine yatangaze tarehe zao, na ziandikwe kwenye tangazo lilelile linalomfundisha mteja kutikisa mashine. Hadi hapo, pale jimbo linaporuhusu, funga kadi kupitia programu ya simu na uifungue ukiwa kwenye foleni ya kulipia tu. Zuia pia manunuzi ya nje ya jimbo na ya mtandaoni. Namba ya siri ibadilishwe siku moja kabla fedha hazijaingia.